Kochi la Maktaba na Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa muziki ana hoja. Anataka maktaba igeuzwe chumba cha ngoma, vitabu vihamie ukumbini. Kochi hakulitaja. Kochi langu! Lile la kijani, chini ya dirisha, ninapojinyoosha kila baada ya chakula cha mchana kutafakari somo la hesabu. Wenye husuda husema nalala. Mlango wa ukumbi halipiti, kwa hiyo litaishia stoo na mafagio.

Shule yetu ni ndogo na haina bosi. Kila jambo huamuliwa kwenye mkutano wa Ijumaa, na kila mtu ana kura moja. Mwalimu mkuu moja, mpishi moja, mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kufunga kamba za viatu, moja. Mimi na uzee wangu wote, moja. Lakini dawa nimeipata: nitagombea uenyekiti wa mkutano, unaochaguliwa upya kila Alhamisi. Aliyeshika mpini hakatiki.

Jumanne, 4 Machi

Kampeni imeanza. Darasa la kwanza ndio wengi, nimewapelekea biskuti. Walipomaliza, msichana mmoja tunayemwita Wakili, meno ya mbele hana, akaniuliza kama ile ilikuwa rushwa. Nikamwambia ni upendo. Akasema basi niwape na darasa la pili, kwa kuwa upendo haubagui. Nimerudi dukani.

Mke wangu amenikumbusha kwamba hata sebuleni kwetu kuna kochi. Hajui utamu wa kochi la kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechaguliwa! Hata mwalimu wa muziki aliniinulia mkono, tena kwa tabasamu. Maskini, anajipalia makaa mwenyewe. Mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniuliza kama nina hakika, maana anajua ninavyolipenda lile kochi. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo. Akaondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekula wa chuya.

Niligonga meza, nikafungua mkutano, nikaanza kueleza ubaya wa ngoma karibu na watu wanaofikiri. Wakili akanyoosha mkono. Akasema, kwa heshima zote, kwamba mwenyekiti hatoi maoni wala hapigi kura, ili asipendelee upande wowote. Nikauliza ni nani aliyepitisha kanuni hiyo. Wakanijibu kwamba ni sisi sote, muhula uliopita, kwenye mkutano wa baada ya chakula. Saa hiyo nilikuwa kochini, nikitafakari.

Hoja imepita kwa kura moja. Moja! Yangu ingeleta sare, na kwetu sare huua hoja. Darasa la kwanza lote limeunga mkono ngoma. Nilipomtazama Wakili, akanieleza kwa upole kwamba biskuti zilikuwa za uenyekiti, na uenyekiti nimepata.

Matokeo nimeyatangaza mimi mwenyewe. Jioni tukalibeba kochi kwenda stoo, nami nilishika mguu mmoja. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo mwenyekiti alikuwa mpishi. Wakili ameleta hoja kwamba wengi wakishinda, wachache wasionewe: mwalimu wa hesabu atandikiwe mkeka kwenye kona ya chumba cha ngoma, na wapigaji wapige taratibu mpaka aamke. Wamesema waziwazi, aamke! Imepita bila mpinzani.

Nimeujaribu mkeka. Ngoma zilikuwa zikidunda polepole, mtoto mmoja akanifunika sweta lake miguuni. Kusema kweli nimelala kuliko siku zote. Nimeamka moyo mweupe, nikampa mkono mwalimu wa muziki.

Hata hivyo, mkeka si kochi. Ijumaa ijayo naleta hoja lirudishwe. Nimepita kila darasa kuulizia: nikijumlisha na kura yangu, tunashinda kwa moja. Tena bahati imeniangukia, maana mwalimu wa muziki amenipendekeza tena kuwa mwenyekiti, akisema safari ile niliongoza kwa haki kabisa. Nimekubali papo hapo. Mtu mwenye akili haachii mpini siku ya hoja yake mwenyewe.