Shemeji Kanizidi Siku Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Barua mbili kwa siku moja! Mbili! Mimi, niliyekaa miezi kumi na moja bila kugusa usukani wa ndege, leo nagombaniwa. Nimezisoma nimesimama. Nikazisoma nimekaa. Kisha nikamsomea mke wangu, Mama Pacha, aliyekuwa anapiga pasi makoti yake ya maabara, naye akasema niondoe kikombe changu kwenye meza ya pasi.

Kampuni Kongwe inanitaka. Kampuni Changa inanitaka. Zote zinasema niripoti Jumatatu ijayo.

Furaha imedumu mpaka saa tisa. Saa tisa kapiga simu Shemeji, kaka yake Mama Pacha, rubani kama mimi, tuliyesoma naye darasa moja. Naye kapata barua mbili. Zilezile!

Niandike hapa nisije nikasahau kwa nini nina hasira. Katika kazi yetu hakuna hodari wala mzembe. Kuna Orodha. Aliyeingia kwanza yuko juu, aliyeingia mwisho yuko chini, na ni hivyo mpaka kustaafu. Wa juu anachagua safari, anachagua likizo, anakuwa kapteni mapema. Wa chini anachukua makombo. Na mambo yakiharibika, wa chini ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani kwa likizo bila malipo. Mimi nimesharudishwa mara mbili. Mara ya tatu, Mama Pacha ameapa, tunahamia kwa Baba Mkwe, chumba cha uani, sisi wanne na vyombo vyote. Baba Mkwe huniita Rubani wa Kochi. Mbele ya wageni!

Sasa, walioingia siku moja hupangwa kwa umri, mkubwa juu. Shemeji kanizidi siku kumi na tisa. Kwa siku kumi na tisa nikae chini yake miaka ishirini? Thubutu! Mimi nakwenda Kongwe. Yeye anakwenda Changa. Bado hajui tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji. Nimemkuta uani kafungua pampu ya maji, skrubu kazipanga juu ya gazeti, ndogo mpaka kubwa. Ndivyo alivyo. Nikamshikia bomba, nikaanza kazi.

Nikamwambia Changa wana ndege mpya, viti bado vinanukia ngozi. Nikamwambia marubani wao ni thelathini na wanane tu, kwa hiyo ukapteni ni miaka miwili, mitatu ukichelewa. Nikamwambia mtu mwenye mikono kama yake akienda Kongwe atazeekea kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Kilemba cha ukoka nilichomvisha leo nilikizungusha mara tatu na bado kikabaki. Akauliza, na wewe je? Nikasema mimi sina moyo huo, mimi mtu wa kwenda polepole. Nikainamisha na kichwa kabisa.

Kabla hajaifunga pampu alikuwa amekubali. Akanishukuru! Akanisindikiza mpaka barabarani! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo. Yote niliyomwambia Shemeji ni kweli.

Nilidhani natia chumvi. Leo nimeulizia. Changa ni thelathini na wanane kweli, ukapteni miaka miwili kweli, hata ngozi inanukia. Kongwe wako mia sita na arobaini. Ukapteni kule ni miaka kumi na minne. Nitakuwa na mvi mpaka kwenye nyusi.

Nimemweleza Mama Pacha. Kaniuliza mara ya mwisho Kongwe kumrudisha mtu nyumbani ilikuwa lini. Nikasema miaka ishirini na miwili iliyopita. Na Changa? Nikasema Changa yenyewe ina miaka mitatu. Akasema basi tumemaliza, akaendelea kuwakata pacha kucha. Nimeahidi. Kongwe. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumatatu, 10 Machi

Siku gani hii! Ngoja nianze mwanzo.

Nimeripoti Kongwe saa mbili kamili, viatu vinang'aa. Darasa letu watu kumi na mmoja. Nikawatazama. Vipara, miwani, mmoja anaonyesha picha ya mjukuu. Karani akasoma namba: 641, 642, 643. Nikasubiri jina langu. Nikaendelea kusubiri. 651, mimi. Mdogo kuliko wote! Nyuma yangu hakuna mtu, kuna ukuta na kizimamoto. Miaka yote natamani niambiwe bado kijana, leo nimeambiwa, nikataka kulia.

Wakati wa chakula cha mchana Shemeji katuma picha. Kavaa kofia ya Changa, imemkaa. Chini kaandika: Namba 39, asante sana shemeji, bila wewe ningekosa.

Kijiko kilinidondoka.

Saa nane nikamwambia mkufunzi nina dharura ya kifamilia. Si uongo, Shemeji ni familia. Nikarukia teksi. Changa ilikuwa na nafasi mbili za leo, na barua yangu ilikuwa bado mfukoni. Ukisaini kabla ofisi haijafungwa saa kumi, unahesabiwa umeingia leo. Foleni hiyo! Nilimhimiza dereva mpaka akauliza kama mke wangu anajifungua. Nikasema ndiyo, pacha. Basi alivyoendesha sitaki kukumbuka. Saa kumi kasoro dakika nne nimesaini, karani wa Changa keshashika funguo za kufungia ofisi.

Namba 40!

Kutoka 651 mpaka 40 kwa mchana mmoja! Nani mwingine kapanda namba mia sita na kumi na moja kwa teksi? Nimecheka peke yangu kwenye lifti, mama mmoja akashuka kabla ya ghorofa yake. Shemeji yuko juu yangu, sawa, lakini kwa namba moja tu. Mama Pacha sijamwambia. Nasubiri siku atakayokuwa na raha.

Jumatano, 12 Machi

Mama Pacha kajua. Kaka yake kampigia simu kumpongeza.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema sawa. Nikauliza sawa ipi, akasema sawa tu. Kisha akapanda kiti, akashusha masanduku juu ya kabati na kuanza kuyafuta vumbi. Nimemwambia hana imani na mumewe. Akaomba nimsogezee ndoo.

Kazini nimemdokeza Shemeji kwamba kuna kampuni ya mizigo inamsaka mtu kama yeye. Kasema yeye ametosheka. Mtu aliyetosheka ni mzito kumhamisha kuliko kabati.

Ijumaa, 28 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Tangazo limebandikwa karibu na mashine ya kahawa. Ndege moja ya kukodi inarudishwa kwa wenyewe. Rubani mmoja atakwenda likizo bila malipo, muda haujulikani. Ni yule wa mwisho kwenye Orodha, isipokuwa kama mwingine wa juu yake atajitolea kwenda badala yake. Fomu ya kujitolea ni moja, mwisho Jumatatu saa sita mchana.

Wa mwisho kwenye Orodha! Nimeisoma Orodha kutoka juu kwenda chini, nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Bado ni mimi.

Nimetembea ofisi nzima nikitabasamu kwa kila mtu. Nimemsifia Namba 22 kwamba anaonekana amechoka, anahitaji kupumzika na watoto wake. Namba 31 nimemwambia bustani yake inamhitaji. Kumbe anaishi ghorofa ya saba. Hakuna aliyejitolea. Nyumbani sikusema kitu, lakini masanduku yale nayaona yananiangalia.

Jumapili, 30 Machi

Shemeji kaja mchana. Pacha wakamrukia mjomba wao, akawabeba wote wawili, kisha akawatuma nje. Akakaa. Mama Pacha alikuwa jikoni, mlango wazi. Shemeji hakuzunguka.

“Shemeji, kesho nitasaini mimi. Mdogo wangu ameshahamisha vyombo mara mbili kwa ajili ya kazi hii yetu. Ya tatu sitaki kuiona.”

Jikoni maji ya bomba yakafungwa. Nikamshika Shemeji mkono kwa mikono yangu miwili. Machozi yalinilengalenga, naandika bila aibu. Nilimpenda mtu yule. Kwa dakika ishirini nzima nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Halafu akaondoka, na mimi nikaanza kufikiri.

Mtu mzima, mwenye akili zake, mwenye kupanga skrubu kwa ukubwa, anakimbilia likizo bila malipo? Bure? Kuna kitu! Ijumaa nilimwona akinong'ona na karani. Alipoona namtazama akanyamaza. Na fomu inasema anayejitolea habadilishiwi namba. Kwa nini waiandike hivyo kama hakuna kinono ndani yake? Pengine wanaojitolea ndio watakaorudi na ukapteni. Pengine anapelekwa kusomea ndege kubwa. Shemeji huyu! Anakuja nyumbani kwangu, ananiliza, kumbe ananipiga chenga mchana kweupe!

Jumatatu, 31 Machi

Nimemuwahi!

Saa moja kasorobo nilikuwa mlangoni pa ofisi. Karani alipofika nikaiomba fomu kabla hajavua koti. Akanieleza, kwa upole, kwamba mimi sina haja ya kujitolea kwa kuwa mimi ndiye ninayeondoka hata nisipojitolea. Nikamkonyeza. Akanieleza tena, akichora vijistari kwenye karatasi. Nikasema nimeelewa vizuri sana, lete kalamu. Nikasaini. Nafasi ni moja, imejaa.

Saa mbili Shemeji akaingia, kalamu mfukoni, shati limenyooshwa. Karani akamwonyesha fomu. Akaisoma. Akakaa kwenye benchi, akaniangalia. Nikamuuliza, kwa ushindi, Ijumaa alikuwa ananong'ona nini. Akasema alikuwa anauliza kama wanawe wataendelea kutibiwa kwa kadi ya kampuni akiwa likizoni.

Nikauliza, basi? Akasema, basi.

Nimejikaza kisabuni mpaka nje. Lakini si lazima iwe kweli. Hodari wa siri hawezi kukosa jibu la kutoa.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika kwa Baba Mkwe, chumba cha uani. Meza hakuna, naandikia juu ya sanduku. Pacha wanalala kichwa huku na kichwa kule. Mama Pacha anatoka kwenda maabara saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu kutoka huku ni mbali, na akirudi anavua viatu na kukaa tu.

Leo asubuhi, siku yake ya mapumziko, simu ikalia. Kampuni Kongwe! Wanaanza darasa jingine Jumatatu. Faili langu bado wanalo, dharura za kifamilia wanazielewa, watanipokea kama nitakwenda. Namba 652. Mama Pacha alikuwa amesikia. Alikuja akasimama mbele yangu na mikono yote miwili mdomoni. Sijamwona hivyo tangu pacha wazaliwe.

Nikawaambia wasubiri kidogo, kwa sababu bahasha ya Changa ilikuwa imefika muda uleule na nilikuwa naifungua. Orodha ya marubani walio likizoni, kwa mpangilio wa kuitwa kazini. Nikaona jina langu. Pembeni yake, kwa wino mweusi: Namba 1.

Moja! Miaka kumi na minane ya kazi, sijawahi kuwa hata wa thelathini! Nikawauliza Kongwe, kwa heshima, kama wanaweza kunipa namba nzuri kuliko hiyo. Wakasema haiwezekani. Nikawashukuru, nikakata simu. Mtu hawezi kuacha ya kwanza akakimbilia ya mia sita na hamsini na mbili.

Mama Pacha alishusha mikono. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza kutazama nyuma, akairudisha mbele.

“Wa kwanza kati ya wangapi?”

Nikamwambia hilo ni swali la watu walio nyuma.