Kitanda cha Huduma ya Kwanza

Jumamosi, 4 Mei
Mwanangu Lotte anaota jino. Usiku kucha nimembeba, nikamwimbia nyimbo zote za kwetu Korogwe. Zilipoisha nikaimba matangazo ya redio. Mume wangu Volker yuko Poland na lori lake. Kesho ni matembezi ya kijiji: watu wazima kufuata mishale msituni, kugongewa mihuri, kuvikwa medali. Miaka sita huku ugenini nimewacheka. Kesho nimo! Nimewaona wakipeleka kitanda kwenye hema la huduma ya kwanza. Mto mweupe! Mpango: niteguke mguu, Lotte wamchukue vibibi wa kijiji, mimi nilale saa mbili. Mbili tu, Mungu wangu.

Jumapili, 5 Mei
Nimeteguka hatua chache kutoka hemani. Nililia vizuri. Bi Trude, jirani yangu na katibu wa chama cha matembezi, anayenisahihisha hata namna ya kuanika soksi, alishika kigari cha Lotte kabla sijamaliza yowe. Nikalazwa. Mto ule! Nikafumba macho.

Bwana Ottmar wa huduma ya kwanza akanifumbua. Miaka yote ya hema lile hajapata mgonjwa, ila mbwa mmoja. Alifurahi kama bwana harusi. Akanipima presha. Akarudia. Akauliza leo siku gani na naona vidole vingapi. Kila nikisinzia, kibao cha upole shavuni: "Usilale, dada! Ukilala tunakupoteza!" Akawaita na wenzake waje kuniona. Bandeji hadi gotini.

Lotte alirudi amelala fofofo, medali kifuani. Bi Trude akasema mtoto huyu hana kilio hata kidogo, labda ni mikono tu ya anayembeba. Maneno hayo!

Jumanne, 7 Mei
Kijiji kizima kinakuja kunijulia hali. Keki juu ya keki. Kila mmoja anabonyeza kengele Lotte akiwa ndiyo kwanza kasinzia. Asubuhi nilichechemea mguu wa kulia. Mchana nikasahau, nikachechemea wa kushoto. Bi Trude aliona. Akaendelea kula keki, polepole.

Volker karudi. Akauliza kwa nini sikumwambia tu kwamba nimechoka. Nani kachoka? Nikamwambia umechoka mguu.

Alhamisi, 9 Mei
Bi Trude kaja peke yake, kafunga mlango. "Mguu wako mzima, binti. Mimi nimelea wanne. Jumapili chama kinatembea tena, nipe mtoto nimtembeze, wewe ulale kitandani kwako." Machozi yakanitoka. Nikakubali, nikamkumbatia.

Alipoondoka nikaanza kufikiri. Anamtakia nini mwanangu?

Jumapili, 12 Mei
Volker kasafiri tena. Asubuhi nikamkabidhi Lotte, na kofia, na biskuti, na maonyo. Nikajifunika shuka. Nyumba kimya. Usingizi ukafika hadi kwenye kope.

Nikaruka! Nikavaa koti la Volker, nikawafuata mti kwa mti. Kilomita kumi! Kwenye kituo cha chai nilijilaza kifudifudi nyuma ya rundo la kuni, wengine wakila mkate na soseji. Bi Trude alikuwa anamwimbia Lotte wimbo wangu wa Korogwe. Kauvuruga wote, lakini ndio wenyewe! Ukuta wa nyumba zetu ni mmoja; kumbe ananisikia. Usiku ninaokesha mimi, anakesha na yeye. Lotte alicheka hadi akapiga makofi. Nilitamani kutoka nimbusu yule mama. Pia nimsahihishe ubeti wa pili.

Nikakata njia ya mkato, nikawahi kitandani na viatu vyangu. Bi Trude akaingia kwa kunyata, akamlaza Lotte ubavuni kwangu, akanitoa jani kwenye nywele. Akanong'ona kuuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia: kama gogo, Bi Trude.

Akasema basi Jumapili ijayo tena. Nikamshukuru, nikakataa; sitaki kumsumbua mzee wa watu. Siku hiyo matembezi ni kijiji cha pili, kwenye hema lao hawanijui, na nasikia godoro lao ni nene. Mguu hapana, una pande mbili, unachanganya. Nitaumia shingo.