Mfupa wa Ng'ombe, Taya la Moffat

Jumatatu, 3 Machi 1986

Jino la mbele limetoka. Daktari Gathoni wa Nyeri alichukua dakika mbili kuling'oa; kelele zangu zilichukua kumi. Akanieleza kwamba shimo likiachwa wazi, mfupa wa taya utabonyea na jino bandia halitakaa. Iko dawa mpya: unga wa mfupa wa ng'ombe, uliosafishwa ukabaki madini matupu. Ukijazwa shimoni, mfupa wa mtu hujijenga humo polepole. Lakini unaagizwa ng'ambo. Na kupona ni miezi sita.

Miezi sita! Jumapili hii askofu anakuja Karatina na solo ya kwaya ni yangu. Kihara, tunayeimba naye sauti ya tatu, ameanza kuulizia hali yangu. Kwa huruma nyingi mno.

Jumanne, 4 Machi

Ng'ambo wana ng'ombe gani ambao sisi hatuna? Nimenunua mfupa wa paja kwa Muriithi wa bucha. Akauliza kama ni wa mbwa. Nikasema ni wa utafiti. Nikauchoma kwenye jiko la makaa hadi ukawa mweupe, isipokuwa pale palipokuwa peusi. Nikautwanga kwenye kinu. Mke wangu Kagure akauliza mahindi atayatwangia wapi. Mtu wa sayansi hajibu kila kitu.

Nikachanganya na asali ili ushikane, nikajaza shimo. Unauma. Nadhani ndio mfupa unaota.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya kwaya. Shavu limejaa upande mmoja: dalili ya ujenzi. Nilipofika kwenye "Bwana", sauti ilitoka. Unga pia. Ulitua kwenye miwani ya Mama Warigia wa sauti ya pili. Kihara akanipangusa jasho mbele ya watu, akasema ndugu yetu aombewe. Nikaombewa nimesimama palepale. Kisha mwalimu akampa Kihara solo yangu.

Nimeuimba wimbo huo kila asubuhi nikikamua, tangu Krismasi. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Homa. Jicho la kushoto halifunguki. Kagure alivaa viatu vya kanisani, akanishika mkono mpaka Nyeri. Daktari Gathoni akachungulia, akavuta taa karibu.

"Mzee Moffat, hii ni mdomo ama ni jiko?"

Akatoa makaa, asali, usaha, na kitu alichosema ni unywele wa ng'ombe. Akasema ningechelewa siku mbili, angekata kipande cha taya. Kagure akaanza kulia. Nikamwomba msamaha, na nilimaanisha.

"Baba Watiri," Kagure akasema, "nyamaza tu. Pona kwanza."

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Kihara ameimba. Kagure anasema askofu alifumba macho. Huenda alilala.

Jumanne, 11 Machi

Uvimbe umeshuka. Daktari alinieleza tena, kwa upole, kama mtu anayemweleza ndama. Unga wa kweli huondolewa mafuta na vijidudu vyote kwa mitambo. Tena hufunikwa kwa utando mwembamba, ili nyama ya ufizi isikimbilie shimoni kabla mfupa haujajijenga. Akauliza kama nimeelewa.

Nimeelewa kabisa. Unga wangu haukuwa na kosa lolote. Nilisahau kifuniko.

Njiani nilimuuliza Kagure kama ndani ya ganda la yai hakuna ngozi fulani nyembamba. Akauliza ya nini. Nikasema nauliza tu.

Leo kuku wametaga manne.