Kupasha Viganja Kabla ya Kukereza

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi miwili sijakuandikia neno. Mke wangu alikuweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, nami nikanuna badala ya kukutoa.

Habari kubwa: nimejiunga na darasa la kukereza katika karakana ya Fundi. Mashine inazungusha kipande cha mti, wewe unakichonga kwa patasi. Rahisi! Ila Fundi ana kipande kimoja tu cha mpingo, kinachotosha pia moja ya kuchezea, ile inayozunguka sakafuni kwa ncha. Mjukuu wangu wa pekee anatimiza miaka mitatu mwezi huu. Pia hiyo itatoka kwangu. Bahati mbaya mtoto ana bibi wa upande wa pili: mkwe wangu, mkunga mstaafu, mama wa mume wa binti yangu. Naye yumo darasani. Fundi amesema Jumamosi tutakereza mti wa kawaida, na mwenye mkono uliotulia ndiye atakayepewa mpingo.

Jumanne, 5 Machi

Kioja! Kabla ya kugusa mashine, tunapiga jaramba. Robo saa nzima! Kuzungusha vifundo vya mikono, kunyanyua mabega, kukunja na kukunjua vidole. Kisha Fundi anapita akishika viganja vya kila mtu kama anayepima homa. Kiganja baridi, patasi huipati. Anasema mkono uliokakamaa huing'ang'ania patasi, na patasi iliyong'ang'aniwa hurusha mti.

Mimi, mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, nirukeruke mbele ya kadamnasi! Mkwe wangu aligusa vidole vya miguu bila kupinda magoti. Ana miaka sabini na moja. Akaniuliza, mkwe, mbona umesimama kama mlingoti, unangoja kupandishiwa bendera? Darasa zima likaangua kicheko. Nilijibu kwamba natunza nguvu.

Alhamisi, 7 Machi

Nilipeleka barua ya daktari isemayo kwamba viungo vyangu ni vyepesi kwa maumbile na havihitaji kupashwa. Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko safi. Hapo ndipo nilipoharibu. Fundi alisema hajapata kuona barua ya daktari inayosomeka. Mkwe wangu akaomba aione. Alifanya kazi na madaktari miaka arobaini, akasema, na hakuna hata mmoja aliyepigia kichwa cha barua mstari kwa rula na wino mwekundu.

Nimeshinda nikifagia maranda.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Fundi anapima joto la viganja tu. Jasho halipimi. Basi joto litoke kwenye chupa! Mke wangu ana mafuta ya kuchua magoti, yale yanayowasha hadi machozi. Nimejaribu tone moja: kiganja kimekuwa pasi. Mke wangu aliniuliza ninacheka nini peke yangu bafuni. Nikamjibu kwamba ni siri ya kitaaluma. Akasema siri yangu inanuka karafuu hadi sebuleni.

Jumamosi, 9 Machi

Nilifika mazoezi yakiisha, nimejipaka nusu chupa. Fundi alinishika viganja, akashtuka, akasema joto kama hili hajaliona kwa mwanafunzi yeyote. Nianze mimi! Mkwe wangu alinusa hewa, akakunja uso. Nikamkonyeza.

Sekunde kumi za utukufu. Kisha patasi ikateleza kiganjani kama samaki, ikauchimba mti, mti ukachomoka, ukapita juu ya kichwa cha mkwe wangu na kuvunja kioo cha dirisha. Nilivua miwani, nikajifuta jicho. Kosa! Nikafuta na la pili. Nikarukaruka karakana nzima, mikono juu, magoti juu. Nilimsikia Fundi akisema angalau sasa ninapasha mwili.

Mkwe wangu aliacha zamu yake akaja kuniosha macho. Alinishika kisogo kama mtoto mchanga. Akaniambia nivute pumzi, mkwe, haya, sukuma, sukuma. Sikuwa na la kusukuma. Nilisukuma tu.

Jumapili, 10 Machi

Jaribio halikumalizika, kwa hiyo mpingo bado uko kabatini. Fundi ataamua Jumanne nani aupate, na kama mimi nitarudi darasani. Mkwe wangu alikuja mchana kuyatazama macho yangu. Kumbe ameniombea msamaha. Tena amependekeza tuikereze pia pamoja: yeye mwili, mimi ncha. Nimekataa. Ncha! Mjukuu anashika mwili. Ncha inagusa sakafu.

Nimejichunguza kwa uaminifu, na kosa langu nimeliona wazi. Mafuta yanateleza. Kinachotakiwa ni joto kavu: mayai mawili ya kuchemsha, moja katika kila mfuko wa koti. Fundi akitamka uamuzi wake, nitauandika hapa siku hiyohiyo, hata ikibidi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya maji baridi. Majaribio yamekwisha kuanza.