Anayenitembelea Alfajiri

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Presha 168 kwa 104. Daktari, mtoto wa juzi, kaniambia nipunguze chumvi, niache sigara, nitembee kila alfajiri. Mimi! Niliyeanza kwa kuunda stuli moja na sasa nina karakana ya samani na mafundi sita! Mke wangu kakunja uso. Kila alfajiri ataniangalia dirishani nikizunguka uwanja, ama sivyo anahamia kwa mama yake. Hana haraka ya kuwa mjane, kasema. Nimekubali. Kukubali ni bure.

Jumanne, tarehe 4
Nimepiga hesabu. Uwanja uko mbali, alfajiri kuna ukungu, na mke wangu hana miwani. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, fundi saa, ana kimo changu. Nimempa kofia yangu na koti langu la michezo, atembee badala yangu. Hakuuliza atapata nini. Aliuliza tu mimi huburuta mguu upi. Sikujua kama naburuta mguu.
Nimelala kitandani kwake hadi jua kali. Sigara mbili. Raha!

Jumatano, tarehe 5
Mke wangu kafurahi, eti tumbo limeanza kushuka. Ajabu, suruali inanibana kuliko jana.
Mbwa kamlaki mpangaji getini kwa mkia. Mimi kaningurumia. Mshenzi, na chakula ninanunua mimi.

Ijumaa, tarehe 7
Siku ya kupimwa. Nimemtuma mpangaji na kadi yangu ya kliniki. 118 kwa 76. Nimepona! Nimejipongeza kwa viazi vya kukaanga, chumvi ya kutosha.
Jioni nimemkuta karakanani na kofia yangu, anakagua meza, mafundi wanamwita bosi. Nikafoka. Wakanitazama kama mtu aliyekuja kuulizia kazi. Mmoja kaniambia kwa upole nirudi wiki ijayo, bosi akipata nafasi.

Jumapili, tarehe 9
Nimechoka kulala uani, nikaingia ndani kimyakimya. Upande wangu wa kitanda una mtu. Anakoroma mkoromo wangu, hata ule mluzi wa mwishoni. Nilinyoosha mkono nimwamshe. Halafu nikafikiri: kunakaribia kupambazuka. Nikimwamsha, atakayetembea ni mimi.
Nikarudi uani.

Jumanne, tarehe 11
Mke wangu kaja na bakuli la mboga. Kapiga hodi! Tangu tuoane hajawahi kunipigia hodi.
"Kaka," akasema, "mume wangu anasema unakohoa sana. Ungejaribu kutembea asubuhi, yeye kumemsaidia."
Nikamwambia, mama watoto, ni mimi. Akatabasamu kwa adabu, akaliweka bakuli chini, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwetu. Dirishani kofia yangu ilikuwa imesimama, inatuangalia.

Jumatano, tarehe 12
Nimepiga hesabu upya, kichwa kimetulia. Yeye kapata kuamka gizani, mboga za kuchemsha, mafundi sita wavivu na mama mkwe. Mimi nimebaki na usingizi, sigara na chumvi, wala hakuna wa kunisimamia. Kanasa mwenyewe, maskini. Biashara hainishindi mimi!
Mkono wa kushoto umekufa ganzi tangu asubuhi na kifua kinabana. Nitakuwa nimeulalia vibaya. Ikifika kesho bado hivi, nitamtuma tena kliniki akapimwe badala yangu.