Odi Akiwa Tayari Ndani

Siku ya kazi moja, tarehe 3, mwezi wa 11, 2025

Yaya Priscille, dada yangu mukubwa, jambo sana. Habari ya Pweto? Na ule mugongo yako? Unalala vizuri sasa, ao ungali unageuka usiku muzima? Mimi niko, Mungu anachunga. Ulisema niandike kila siku, maneno yote, hata ile ya aibu, halafu nitume kaye, hii daftari, na Dany akivuka na mashua. Njo hii. Usisomee batu.

Habari kubwa! Lackson, fundi wa nguo wa chumba ya mbele, anahamia Mansa. Chumba ya mbele, Yaya! Ile ya baraza, inatazama barabara ya port ya Kashikishi! Ukiweka meza pale na visamaki yako, chisense kavu, batu bote banaotoka ku mashua banakuona wewe wa kwanza. Mimi niko nyuma, karibu na choo. Wateja yangu banahesabu visamaki na mukono moja, ingine imeshika pua. Siku ya posho, tarehe 8, Bana Chama, mama mwenye nyumba, atasema nani anapewa. Nafunga kula juu ya ile chumba. Mpaka saa sita.

Sasa sikia. Leo natoka ku port, naona nini? Bana Chama anatoka mu chumba ya Joëlle, mupangaji mwenzangu, na ile funguo yake ya pili mukononi (iko na moja ya kila chumba). Joëlle hakuwa pale! Alikuwa sokoni na vitumbua yake. Na Bana Chama iko na tabia moja: anafungua, anaingia, njo anasema "Odi!" Akiwa tayari ndani. Sawa mutu anaomba baraka ya chakula na sahani imekwisha.

Nikasikia uchungu. Si juu ya Joëlle. Juu yangu! Nilifika mu hii parseli, uwanja ya vyumba yetu, mbele yake, na Bana Chama hajaingia kwangu hata mara moja. Kwangu kuko nini? Kunanuka? (Kunanuka, lakini ni choo.) Mutu anaingia pa mutu anamupenda. Joëlle njo atapewa baraza. Mu korali ya kanisa alikwisha kupewa solo, na solo ilikuwa yangu.

Siku ya kazi mbili, tarehe 4

Joëlle alikuja kwangu na machozi. Akapiga odi, akangoja pa mulango mpaka nikajibu. Anafanyaka vile siku zote. Anajionyesha.

Akasema: Mama Laure, mutu anaingia kwangu. Shuka imekaliwa. Liputa, kitenge yangu ya kanisa, imekunjwa vibaya. Hakuna kitu kimeibiwa, lakini kila kitu imeshikwa. Alienda kuuliza ku boma, ofisi ya serikali, bakamujibu: ukilipa nyumba, mulango ni yako. Mwenye nyumba akitaka kuangalia paa ao ukuta, atangulie kusema siku, apige odi, angoje ajibiwe. Labda kama nyumba inawaka moto. Sasa anataka siku ya kazi tano twende bote wawili kumwambia Bana Chama, kwa heshima. Akasema: wewe ni mukubwa, Mama Laure, yeye anakusikia.

Nikamushika mukono. Nikasema ndiyo mwanangu, tutaenda. Moyoni nikasema: tazama ule! Sahani yake inamwagika mchuzi, anakuja kulia mbele ya mwenye njaa! Iko na kitanda ya mbao. Iko na kioo kirefu, mutu anajiona mpaka viatu. Mimi najiangaliaka mu beseni ya maji. Na bado anataka nimufukuzie wageni!

Bon. Nikaomba Mungu anipe akili. Akanipa haraka. Dawa si kukataza Bana Chama kuingia kwa Joëlle. Dawa ni aingie kwangu.

Nikapiga deki. Nikatandika ile shuka ya ndoa yangu. Nikaweka sahani ya vitumbua (nilinunua kwa Joëlle, kwa bei ya rafiki). Nikamwaga unga kidogo pa mulango, nione nyayo. Nikaenda ku port na moyo mwepesi.

Narudi: nyayo! Yaya, nilipiga magoti. Halafu nikaangalia vizuri. Vidole tatu mbele, moja nyuma. Kuku ya Pitchou, ule mvuvi wa chumba ya pembeni. Alipita chini ya mulango. Vitumbua alikula yote. Pa shuka ya ndoa alifanya ile kuku anafanyaka.

Siku ya kazi tatu, tarehe 5

Leo nikaacha kujificha. Nikamwendea Bana Chama mwenyewe. Nikasema: mama, paa yangu inavuja, ukuje kuangalia siku yoyote, hata nikiwa siko, hata bila odi. Alicheka. Akasema: Mama Laure, kwako sina wasiwasi, wewe ni mutu wa kanisa, nakuaminia.

Nakuaminia! Halafu akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Joëlle. Na funguo. Nilibaki nasimama sawa muti.

Na paa haivuji hata kidogo. Nilimudanganya bure. Nimekwisha kutubu.

Siku ya kazi ine, tarehe 6

Yaya, kaa chini kwanza.

Asubuhi nikamwambia Febby, binti ya Bana Chama, kwa sauti ya chini: mu chumba yangu kuko kitu sitaki mama yako aone. Febby hawezi kubeba siri kutoka kisima mpaka nyumbani. Halafu nikaomba Pitchou anifungie ndani: atie kadena, ile kufuli, inje, aende ku ziwa na funguo. Bana Chama aone kadena, afikiri siko, aingie na funguo yake. Mimi niko nyuma ya rido, pazia ya kitanda, nasikia anasifu. Pitchou akauliza: mama, unaumwa? Nikasema funga, mutoto, na uchunge kuku yako.

Nikasahau kitu moja tu. Chisense yangu. Yote ya juma hii, inje, juu ya wavu, inakauka.

Saa sita, mvua! Unajua desturi ya huku: mvua ikikuja, ule iko karibu anaokota samaki ya batu bote, anaingiza pa nyumba ya kila mutu. Nikasikia miguu ya Joëlle inakimbia mu maji. Akafika kwangu. "Odi! Mama Laure! Samaki yako!" Nikanyamaza. Nitajibu nini? Kadena iko inje, mimi niko ndani! "Odi! Odi!" Mutu mwingine angevunja ile kadena, ni ya bei ya chini. Joëlle hapana. Nikamusikia anajisemea: hajibu, siwezi kuingia. Akabeba samaki yangu yote akaingiza kwake. Juu ya kitanda yake.

Na Bana Chama tangu zamani aliandika pa ukuta na makaa, herufi kubwa: SAMAKI MU CHUMBA HAPANA.

Bana Chama alikuwa tayari mu parseli, anakuja kwangu juu ya maneno ya Febby. Mvua ikamupiga. Akakimbilia mulango anaujua. Akafungua, akaingia, njo akasema odi. Joëlle alikuwa anabadilisha nguo iliyolowa. Yaya, ule mwana alipiga kelele kupita mvua. Bana Chama naye akaona kitanda, akapiga kelele yake: samaki! Joëlle akasema ni ya Mama Laure, na wewe mama, umeingia hapa namna gani, niko bila nguo!

Halafu nikasikia viatu ya Bana Chama inakuja kwangu. Kadena: kra! Mulango ikafunguka, bila odi! Nikuambie ukweli? Nilifurahi. Nilifurahi sana. Halafu rido ikaanguka.

Nilikuwa nasimama na nguo ya kanisa, na rido juu ya kichwa sawa bibi-arusi. Bana Chama akaangalia kadena. Akaniangalia. Nikasema niko mu maombi ya siri.

Siku ya kazi tano, tarehe 7

Tulienda. Nilienda sababu Joëlle alinishika mukono, na juu ya samaki sikuwa na uso ya kukataa.

Joëlle hakupandisha sauti. Akasema: mama, wakati tulivuka kukimbia vita, balituweka Kenani, kambi ya wakimbizi. Hema haina mulango. Kila mutu alikuwa anainua ile turubai anatazama: mutu wa chakula, mutu wa dawa, mulevi, mutoto anayepoteza mupira. Nilikuwa nalala na viatu. Hii chumba yako, sikulipia kuta. Nililipia mulango.

Bana Chama alitazama chini. Halafu akasema, pole pole, ni kioo. Bamama ya kanisa yake banashona nguo mupya, na kwake kioo iko ya kunyolea tu, anaona sikio moja moja. Alikuwa anaingia kujiangalia mugongo. Liputa ya Joëlle alipima mara moja tu. Akaomba musamaha. Tangu leo atapiga odi, atangoja, asipojibiwa atarudi.

Kioo, Yaya! Si upendo! Kioo!

Akanigeukia: na wewe Mama Laure, unasema nini? Nikasema: mama, kwangu uingie tu wakati unataka, usijisumbue na odi. Joëlle akanikanyaga muguu.

Siku ya posho, tarehe 8

Chumba ya mbele ni ya Joëlle. Bana Chama alisema: anayejua bei ya mulango njo atachunga ile ya barabara. Na akamupa funguo zote mbili, ya kwanza na ya pili. Batu bakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono inauma mpaka sasa.

Jioni Joëlle akaniletea ile funguo ya pili. Akasema unichungie, Mama Laure, siku nikipoteza yangu. Hakuna mutu mwingine naaminia. Akanikumbatia. Ananukia vanila, ule mutoto.

Nilienda sokoni mbio. Nikauza samaki yangu ya mvua, nikanunua kioo. Kubwa! Nimeiweka kutazama mulango. Nikamwambia Febby.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Misa ilikuwa muzuri. Joëlle aliimba solo. Sitaandika namna aliimba.

Kisha misa, Bana Chama akakuja! Na nguo mupya, inangaa! Mulango yangu niliiacha wazi, kioo inawaka sawa altari. Akasimama inje. "Odi!" Mimi nyuma ya rido, nikanyamaza. Nikajibu ya nini? Kwa Joëlle alikuwa anaingia bila kujibiwa, na mimi nataka ile ile! "Odi!" Nikabana pumzi. Ingia, mama, ingia! Alingoja. Vile aliahidi, Yaya, alingoja vizuri kabisa. Halafu akaenda zake.

Akaenda ku chumba ya mbele. "Odi!" Joëlle akajibu karibu, mama. Akaingia na ruhusa. Bakakunywa chai pa baraza. Bakacheka. Nilihesabu kila kicheko.

Nimefikiri, na nimeomba. Shida ni moja: kioo ya Joëlle lazima iko kubwa kupita yangu. Kesho atatoka mapema na vitumbua. Mimi niko na funguo. Nitaingia kidogo tu na kamba, nipime. Usiogope, Yaya, mama yetu alitufundisha adabu. Nitasema odi. Nikiisha kufunga mulango nyuma yangu.

Unisalimie batoto, upake ule mugongo mafuta ya moto. Dany anarudi huku siku ya kazi tatu. Unijibu haraka, tafazali.

Mudogo yako, Laurentine