Injinia Hafagii

Katika wilaya nzima ya Kyerwa kulikuwa na injinia mmoja tu aliyejipa cheo hicho mwenyewe, naye ni Gaudiosus. Chuo alichosomea hakuna aliyekijua, hata yeye. Alikuwa fundi redio wa senta ya Mabira, mtu wa kufufua redio ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Siku moja akapata rangi nyekundu iliyobaki watu walipopaka geti, akapanda juu ya kiti na kuandika juu ya mlango wake: INJINIA GAUDIOSUS. Tangu siku hiyo ukimwita fundi hasikii. Ukirudia, redio yako inakaa wiki tatu zaidi.

Watu wa Mabira hawapendi ugomvi, wakamwita Injinia. Aliyegoma ni mmoja tu, Sperancia, fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Fundi, umeamkaje?" humwambia kila asubuhi.

"Injinia," humsahihisha Gaudiosus.

"Haya. Umeamkaje, Fundi?"

Sasa, mwaka huo Gaudiosus aliona kwenye simu watu wazima wa nchi za mbali, wenye vitambi vyao, wakishindanisha vigari vidogo vya umeme. Kigari kina ulimi chini, na ulimi huo unapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye ubao. Pembeni mwa mfereji kuna mikanda miwili ya chuma inayoleta umeme. Tumboni mwa gari kuna sumaku, inayong'ang'ania chuma ili gari lisiruke kwenye kona. Gaudiosus hakulala siku mbili. Hapo ndipo ulipo wito wangu, akasema moyoni.

Akachonga mbao nne za mkaratusi, zikiungana zinakuwa duara lenye mifereji miwili. Mikanda ya chuma akaitoa kwenye ile inayofungia mabati. Mota ilitoka kwenye deki iliyokufa, bodi ikawa kopo la plastiki la dawa ya ng'ombe, na sumaku akaing'oa kwenye spika kubwa iliyowahi kutumika kwenye kampeni. Gari akaliita Radi ya Kyerwa. Siku ya majaribio lilipita kona kwa kasi hata kuku aliyekuwa anachungulia akaondoka bila kuaga.

"Hakuna mwingine wa kutengeneza kitu hiki hapa," akatangaza barazani. "Siyo Mabira tu. Nenda Songambele, vuka mpaka Rugu, hakuna. Sisemi mafundi cherehani, maana hao kazi yao ni kuunganisha vitambaa."

Sperancia alikuwa na pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja, taratibu.

"Wiki mbili zinanitosha," akasema. "Nitatengeneza la kwangu, tushindane Jumapili baada ya ibada. Ukinishinda, nakushonea ovaroli yenye neno Injinia mgongoni, kwa uzi wa dhahabu. Nikikushinda, unafuta hilo neno mlangoni, na unafagia uwanja wa kanisa Jumamosi nne kwa zamu ya jumuiya yangu."

Gaudiosus alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini usiku ile ovaroli ilimjia ndotoni, imenyooshwa pasi.

Shida ikabaki moja, nayo ni pa kuziweka zile mbao. Duka lake lilikuwa limejaa televisheni marehemu. Basi akazibeba zote nne na kuzisukumiza chini ya meza ya kukatia nguo ya Sperancia, bila hodi wala tafadhali, maana injinia haombi nafasi, anaichukua.

Na wiki mbili hizo hazikuwa wiki za kawaida. Ulikuwa msimu wa Kipaimara. Kila mzazi mwenye binti alitaka gauni jeupe lenye marinda, na kila rinda lina pini zake. Juu ya ile meza pini zilidondoka tangu asubuhi mpaka jioni kama mvua ya masika, na chini ya meza mbao za Gaudiosus zilizipokea kimya kimya.

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha, ukafuata mnada wa mavuno nje ya kanisa. Zikauzwa ndizi, likauzwa boga, akauzwa jogoo mmoja mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha kwa Bwana. Kisha mbao zikapangwa juu ya madawati, na watu wakajaa.

Gaudiosus alifika na betri ya lori. Sperancia alikuwa na betri ya pikipiki, na kigari chenye magurudumu ya bobini za cherehani. Sumaku yake ilikuwa ile ndogo anayookotea pini. Kabla ya kuibandika chini ya gari, akaipitisha kwanza juu ya mfereji wake wote, kona hadi kona. Ikatoka na pini kibao.

"Fundi, nikupitishie na kwako?" akauliza. "Mbao zilikuwa chini ya meza yangu, zina pini. Au nikuletee ufagio?"

Watu wakamtazama Gaudiosus. Naye akaona hapo ndipo pa kumpa mtu jibu la kukumbukwa.

"Injinia hafagii," akasema, akarekebisha kola.

Mzee Adelard, mzee wa kanisa, akagonga rimu inayotumika kama kengele. Mizunguko kumi.

Radi iliondoka kama jina lake. Mzunguko wa kwanza ikamwacha Sperancia mbali, wa pili ikamzunguka na kumpita, na Gaudiosus akawa anabonyeza swichi kwa kidole kimoja huku anawapungia watu kwa mkono wa pili. Ile ovaroli aliiona kabisa. Akaanza kuwaza kama aombe na mifuko ya mapajani.

Mzunguko wa tatu, Mzee Adelard akasogea karibu.

"Jamani waitu," akasema, "hili gari limeota ndevu."

Kweli. Sumaku ya spika ilikuwa haichagui. Kila pini iliyolala kwenye mfereji ilinyanyuka na kujibandika tumboni, pembeni, kila mahali. Mzunguko wa tano Radi ilikuwa nungunungu. Wa sita ikaanza kukwaruza na kulia. Gaudiosus akabonyeza kwa vidole viwili, kisha kwa ngumi, huku jasho linamtoka. Kigari cha bobini kikampita polepole, tiki tiki tiki, bila haraka yoyote.

Mzunguko wa saba pini zikaunganisha mkanda na mkanda. Betri ya lori haina mchezo. Ikapiga cheche, ukatoka moshi, na kopo la dawa ya ng'ombe likalainika na kujikunja kama aliyeumwa tumbo. Radi ya Kyerwa ikasimama mbele ya mchungaji.

Sperancia alimaliza mizunguko yake kumi. Kisha akainama juu ya kile kichaka cha pini, akachomoa sindano moja ndefu na kuitazama kwenye mwanga.

"Jamani, sindano yangu! Nimeitafuta tangu wiki iliyopita." Akamgeukia Gaudiosus. "Ahsante sana, Fundi. Hata mimi nisingeziokota zote."

Watu walicheka mpaka jogoo wa mnada akapotea. Gaudiosus hakucheka. Aliumia kweli, na jioni ile akapanda kiti na kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta herufi moja moja. Mlangoni likabaki GAUDIOSUS, na doa jekundu mbele yake.

Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye uwanja wa kanisa, ameinama, vumbi mpaka kwenye kope. Sperancia akapita njiani na furushi la vitambaa kichwani. Akasimama.

"Fundi, pale chini ya ngazi umeruka."

Gaudiosus akanyanyuka, akafungua mdomo kumsahihisha. Akautazama ufagio mkononi mwake. Kisha akarudi chini ya ngazi na kufagia.